Tiles za Kushikana Bila Gundi

Boardroom haina meza, haina mlango, wala haina ile mashine ya maji baridi inayolialia kwenye kona za ofisi za watu. Ina ubao mmoja mrefu ulioachwa na mafundi wa jengo fulani, umelazwa juu ya mawe mawili ya kujengea pale barabara ya Mountain View inapoteremka kutoka Waiyaki Way, na mbele yake Nzuki ameweka birika lake juu ya jiko la makaa, kahawa chungu yenye tangawizi ya kumwamsha maiti aulize nani alimlaza. Quincy ndiye aliyeipa jina. Alimaliza digrii ya uhandisi wa mitambo, akatuma maombi ya kazi mpaka vidole vikaota sugu, kisha akasema basi, kama wamekataa niingie kwa boardroom zao, nitakaa kwa yangu. Watu wakacheka, jina likashika, na yeye mwenyewe wakambandika Digrii, neno ambalo siku njema hulisikia kama sifa na siku mbaya kama tusi. Alhamisi hiyo ilikuwa siku mbaya. Pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa jaketi lake, ajenti wa Westlands alikuwa akiisubiri kesho yake, na hapo benchini, kati yake na Mzee Kivuva, palikuwa na vipande vya tiles vilivyopangwa kama karata.

– Digrii, niambie tena polepole, – alisema Mzee Kivuva. – Hii ya mpira, hii ngumu, ama hii iko na mashimo?

– Mzee, hiyo swali uliniuliza mvua ya Aprili. Ikaisha. Saa hii ni mvua ya Novemba na bado unaniuliza.

– Haraka haraka haina baraka.

– Na polepole yako imezaa nini?

Mzee aliweka kikombe chake juu ya kile kipande cha mpira, akakigeuzageuza kama anayepima kama kitateleza.

Kivuva alikuwa amestaafu kutoka wizara iliyosimamia majumba ya serikali, na kama wastaafu wote wa ujenzi, hakuna ukuta uliomridhisha tena duniani. Nyumbani kwake alikuwa na garage ndefu, ya magari mawili kufuatana. Mwanzo wa mwaka alitangaza mbele ya Boardroom nzima kwamba anaigeuza kuwa karakana: yeye atakuwa na mbao na randa zake upande mmoja, na Quincy atakuwa na nafasi ya kutengeneza mashine za kufulia, pampu za maji, blenda na kila kinachozunguka na kukataa kuzunguka. Sharti lilikuwa moja tu. Sakafu kwanza. Simiti ilikuwa imepasuka, imekunywa mafuta ya miaka, inatoa vumbi kila ukifagia. Akataka zile tiles za kushikana, unabonyeza kona kwa kona, tap, zinashika, bila gundi na bila fundi wa kukuambia narudi kesho.

Quincy alikuwa ameshawaambia waziwazi. Sakafu ikilala, anakaa. Isipolala kufikia Ijumaa, anampa ajenti pasipoti na anaenda Gulf kupanga maboksi kwa stoo ya mtu asiyejua jina lake. Na tangu siku hiyo Boardroom haikuzungumzia kitu kingine.

– Kwa maoni ya serikali, – alianza Odhiambo.

Odhiambo ni fundi wa stima. Wanamwita Waziri kwa sababu hajawahi kutoa maoni yake mwenyewe. Yote ni ya serikali, na serikali yenyewe haijui.

– Serikali iseme, – alisema Nzuki akimmiminia.

– Hiyo ngumu ni plastic. Sindio? Plastic na kiatu zikisuguana zinatoa static. Wewe Digrii unaijua, ulisoma. Unatembea hapa, unatembea hapa, static inajaa kwa mwili kama battery. Halafu unashika mtungi wa petroli. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Boom. Watu wa Kangemi wanatoka nje wanadhani ni mvua.

– Hiyo methali inahusu kushirikiana, – Quincy alisema.

– Si ndio nasema. Kiatu imeshirikiana na tile.

– Waziri, wewe husuguana na mashati ya polyester kila siku na hujawahi kulipuka. Tungekuwa tumepumzika.

Nasimiyu alicheka mpaka akashika ubao. Yeye ni keateka, msimamizi wa ploti ya ghorofa nne mtaa wa nyuma, mzaliwa wa Bungoma, mwenye aproni ya mfuko mkubwa mbele ambamo hukaa funguo na karatasi za kuwahamisha wapangaji. Kwa hiyo anaitwa Mama Notice. Ndiye mtu pekee Boardroom ambaye Quincy hamjibu ovyo.

– Mpira ndio mbaya, – alisema. – Mimi nilikuwa na tenant aliweka mpira kwa keja yake yote, ati anafanya mazoezi. Harufu ilishinda paka. Paka ilihama bila notice.

– Paka haipewi notice, Mama.

– Kwa ploti yangu inapewa. Na tena mpira unakunywa oil. Ukimwaga leo, mjukuu wako ataikanyaga. Maji yakimwagika hayazoleki. Chukueni hii ya mashimo. Unafagia, uchafu unaingia chini, umeisha.

– Haujaisha. Umejificha, – alisema Quincy. – Hiyo si usafi, Mama Notice. Hiyo ni uongozi.

Nzuki alipiga birika kwa kijiko, dalili ya kwamba hiyo imeingia.

– Na screw yangu ikianguka kwa shimo? – Quincy aliendelea. – Screw ndogo ya blenda, ile ukipoteza hupati ingine River Road yote. Nitakuwa nang'oa sakafu kila saa kumi kama mtu anatafuta pete ya harusi.

– Na panya, – Odhiambo akadakia, uso umemkauka kama mtu anayesoma taarifa ya habari. – Panya wengi hawachimbi shimo. Kwa nini? Kwa sababu mumewachimbia. Chini ya hizo tiles kuna nafasi, sawa? Ni joto, ni kavu. Panya wa kwanza anaingia, anaita bibi yake, wanaita watu wa nyumbani. Baada ya Krismasi mko na estate chini ya estate. Iko na gate. Iko na chairman.

– Chairman atakuwa wewe, – alisema Nasimiyu.

– Mimi siwezi kukataa wananchi wakiniomba.

Mzee Kivuva alikuwa akitabasamu chini ya kofia yake ya sufu, tabasamu la mtu anayesikiliza redio anayoipenda. Quincy aliliona lile tabasamu na likamchoma. Alimpenda huyu mzee. Alikuwa amekula ugali na mbaazi kwake tangu akiwa na meno ya utoto, na hiyo ndiyo sababu hasira yake haikupata pa kukaa. Mtu usiyempenda unamtukana na unaenda zako.

– Mzee, chagua, – alisema. – Chagua hata vibaya. Mimi naweza kufanya job kwa sakafu mbaya. Siwezi kufanya kwa sakafu ya mdomo.

– Sitaki uanze na kitu ya aibu.

– Aibu ni mtu na masters kuuza line za simu kwa mwavuli. Simiti yenye oil si aibu.

– Lakini joto, – Odhiambo alisema, kwa kuwa serikali haiwezi kukaa kimya watu wakikaribia kuelewana. – Mmefikiria joto? Plastic ikipata jua inavimba. Jua la Januari linaingia kwa garage, tile moja inasukuma ingine, zote zinasukuma ukuta. Ukuta unasukuma ukuta wa jirani. Jirani ana kiburi, naye anasukuma. Kufikia Pasaka Mountain View yote imehamia Kinoo.

– Na mimi nitakuwa keateka wa wapi? – Nasimiyu aliuliza.

– Utapewa barua ya uhamisho.

– Unaacha nafasi ya kidole kati ya tile na ukuta, – Quincy alisema kwa uchovu. – Zikivimba zinavimbia hapo. Imeisha.

– Hapo sasa unaongea. Nafasi pembeni. Na tena msisahau vile vipande vya mteremko vya kuweka ukingoni, ndio isiwe na ngazi. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Walikuwa wanasema hiyo. Bila mteremko, gari itajikwaa.

Neno hilo, gari, likaanguka katikati yao kama kijiko kwenye simiti.

Nasimiyu alimfinya Odhiambo paja. Nzuki aliinama akachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Mzee Kivuva alinyanyua kikombe, akakuta hakina kitu, akakinywa hivyo hivyo.

Boardroom ina sheria moja ambayo hakuna aliyeipitisha. Mzazi mwenye mtoto ng'ambo haulizwi. Akitaka kusema, atasema, na siku hiyo benchi zima litasikiliza bila methali hata moja. Asiposema, mnaongea juu ya mpira, siasa, au tiles. Na nyuma kabisa ya garage ya Kivuva, chini ya turubai, kulikuwa na Subaru ya bluu ya Kitavi, mwanawe wa pekee. Wakati wake ilikuwa na exhaust ya kuamsha watoto wachanga mpaka Kangemi. Nasimiyu aliwahi kuiandikia notice na kuibandika kwenye kioo. Kitavi na Quincy walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Alisoma uhasibu, akapata cheti kizuri kuliko cha Quincy, na sasa alikuwa Qatar akifungulia watu mlango wa mall. Alisema atarudi Disemba. Hakutaja ya mwaka gani, na Disemba zilikuwa zimeshapita za kutosha kumfanya babake aache kununua mbuzi mapema.

Kwa hiyo wakarudi kwa tiles.

– Rangi, – alisema Mzee kwa sauti ya mtu aliyeokolewa. – Hatujaongea juu ya rangi. Nyeusi inaficha uchafu.

– Nyeusi inaficha hata screw, – Quincy alisema.

– Nyeupe basi.

– Nyeupe ni ya hospitali.

– Serikali inapendekeza mraba mmoja mweusi, mmoja mweupe, – alisema Odhiambo. – Kazi ikikosa, mnacheza draft.

– Kazi ikikosa mimi sitakuwa hapa, – Quincy alisema, na wote wakasikia kwamba huyo hakuwa anatania.

Ndipo msichana mmoja akateremka kutoka upande wa juu, amevaa tisheti yenye nembo ya duka na buti za vumbi, futi ya chuma ikining'inia kiunoni kama bastola ya sinema.

– Sasa. Samahani wazee wangu, natafuta Mzee Kivuva.

– Mimi hapa, mama.

– Mimi naitwa Jacklyne, natoka kwa ile duka ya tiles ya town. Wewe umekuja ukachukua sample, ukarudi ukachukua zingine, tena ukarudi. Boss amesema nikuje nikupimie mwenyewe, tujue zinatakikana ngapi.

Odhiambo alimpisha kwenye benchi. – Mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa ni wagonjwa tupu.

– Hapana, nasimama tu. – Alichukua kile kipande cha mpira chini ya kikombe cha Mzee, akapangusa kahawa kwa kiganja, akakirudisha kwa upole wa mtu aliyeona mengi. – Nimetoka kwako saa hii, mzee. Mama nyumbani amenionyesha garage lakini akasema funguo ni zako, kwa hivyo nimechungulia na dirisha. Iko poa, ndefu vizuri. Mbele ni wazi kabisa. Shida ni hiyo gari imefunikwa huko nyuma. Tires zimelala. Ni ya nani? Na mwenyewe anarudi lini aitoe?

Barabarani kulipita pikipiki iliyobeba magodoro. Odhiambo, mtu mwenye maoni juu ya panya wasiozaliwa bado, aliangalia viatu vyake. Nasimiyu alifunga na kufungua kifungo cha aproni. Nzuki aliinua birika kummiminia mgeni, likatoa tone moja, la pili, likakoroma. Kahawa ilikuwa imeisha, na hata hilo hakulitangaza.

Quincy alimtazama Mzee. Aliona mkono wake ukirudi kwenye tiles, ukizipanga upya, ya mpira, ngumu, ya mashimo, ngumu, na ndipo ikamwingia polepole, kama maji yanavyopanda ukutani, kwamba miezi yote hiyo Mzee hakuwa akichagua sakafu. Sakafu ikichaguliwa, gari lazima litoke. Basi alikuwa amekaa hapo kila asubuhi na watu aliowapenda, akihakikisha haichaguliwi. Na wao, kwa heshima, walikuwa wamemsaidia.

– Ni ya kijana wangu, – Mzee Kivuva alisema mwishowe. Alimjibu Jacklyne, lakini macho yalikuwa kwa tiles. – Na mimi sijui.

– Pole, mzee. Sikutaka...

– Si makosa yako. Umeuliza kitu ya kawaida. – Alivua kofia, akaishika mapajani. – Siku ya kwenda aliniambia, Baba, hii usiitoe nje, isinyeshewe, nitaitoa mwenyewe. Nikamwambia sawa. Ni hiyo tu nilimwahidi. Hakuniomba kitu ingine. Na kila duka nikienda wananiambia, mzee, kwanza ondoa gari. – Akamgeukia Quincy. – Huyu naye nilimwahidi karakana. Sasa mtu mmoja anaahidi vijana wawili nafasi moja, atafanya nini? Nikasema wacha nichague rangi.

Nasimiyu alijipangusa jicho kwa mgongo wa mkono na kusema ni moshi wa jiko.

Quincy alikuwa na maneno mengi tayari, makali yote, ameyanoa tangu alfajiri. Akayaacha. Akachukua vile vipande viwili vigumu, akavibana kona kwa kona. Tap. Akavitikisa. Akaviachanisha. Akavibana tena.

– Jacklyne, – alisema, – hizi hazina gundi.

– Hakuna gundi.

– Nikiweka nusu ya mbele kwanza, naweza kupandisha gari hapo kabla nimalize ile nusu ingine?

Jacklyne alifikiri kidogo. – Hizo ngumu, ndio. Gari inapanda bila shida, na tire haziachi alama sana. Lakini lazima uweke vile vipande vya mteremko ukingoni, ama itazisukuma ziachane.

– Mbio za sakafuni... – Odhiambo alianza kwa sauti ndogo.

– Waziri, nyamaza. Leo uko right.

Odhiambo alinyamaza, uso umemjaa fahari, kwa maana kuwa right ni kitu kilichomtokea ghafla na hakuwa amejiandaa.

– Sikiza, mzee, – Quincy alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka pale alipokuwa akiongea naye zamani, mezani, kabla ya digrii. – Tunaweka mbele. Tunaisukuma, inakaa mbele. Tunaweka nyuma. Tunairudisha. Haivuki mlango. Hainyeshewi hata tone. Mimi nitafanyia kazi hapo mbele yake, na nikipata siku haina job, nitaiangalia engine, isikauke.

– Haitoki nje?

– Haitoki.

– Na akikuja?

– Akikuja atapata iko pale aliiacha, imesimama kwa sakafu mpya. Atatusumbua na hiyo exhaust yake, Mama Notice atamwandikia barua, maisha itaendelea.

– Nitaandika mbili, – alisema Nasimiyu.

Mzee Kivuva alivaa kofia yake. Akatazama tiles zote mara moja ya mwisho, halafu akachukua ile ya mpira na ile ya mashimo akamrudishia Jacklyne, moja moja, kama mtu anayerudisha sahani za jirani.

– Hii ngumu, – alisema. – Ya kijivu. Nyeusi inaficha screw.

Jacklyne akasema akishapima atapiga simu, na kesho asubuhi pickup italeta mzigo. Lakini kabla ya kupima nyuma, gari lazima lisogee. Wakatazamana. Boardroom haikuwa imewahi kusimama kwa pamoja. Walipoinuka wote, ule ubao ulipinduka, na ikaonekana kwamba Odhiambo ni mfupi kuliko alivyokuwa akikaa. Yeye alikimbia kutafuta pampu. Nzuki alimwagia makaa maji, akabeba birika tupu kwa sababu haachi birika popote.

Garage ilinuka mafuta na turubai. Mzee alifungua mlango wa Subaru kwa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni chini ya shati, akakaa kwenye usukani, akaweka mikono yote miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Odhiambo alipampu, akapumua, akapampu. Magurudumu yakainuka. Quincy akapita nyuma, akavua jaketi, na alipotaka kulitupa juu ya meza ya mbao akakumbuka kilichokuwa ndani. Akaitoa pasipoti, akaishika kidogo, na kwa kuwa kila kitu humo ndani kilikuwa na vumbi au oil, akampa Nasimiyu.

– Nishikie, Mama. Isichafuke.

Nasimiyu aliipokea. Akaifungua, akaitazama ile picha ya kijana asiyetabasamu, akaifunga, akaitia kwenye mfuko mkubwa wa aproni pamoja na funguo za ghorofa nne.

– Lakini kesho mapema nitaihitaji, – Quincy alisema. – Juu ya ajenti.

– Sikiza, Digrii. Mimi ni keateka. Kitu ikiingia hapa, mwenyewe akiitaka ananipatia notice ya mwezi mmoja. Kwa maandishi.

Quincy aliutazama ule mfuko wa aproni. Kisha akaweka mikono yote miwili nyuma ya gari.

– Sukuma gari, – alisema Nasimiyu.

Akasukuma.